Mshahara mara nne, pango mara saba

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeifuta. Safari hii naituma kabla sijaisoma upya.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mhasibu. Nimeolewa, tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 7 na mwingine miaka 2. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Hatulali njaa na hatuna madeni ya kutisha. Mtu akitutazama kwa nje atasema, hawa Mungu awape nini tena.

Mwezi uliopita kampuni moja ya ng'ambo iliniandikia kunipa kazi. Nchi sitaitaja, na sarafu sitaitaja pia, kwa sababu wenzangu ofisini wanasoma safu hii na wangenitambua. Nitakupa hesabu kwa mafungu. Chukulia kwamba mimi na mume wangu tunaingiza 100 kwa mwezi: langu 60, lake 40. Pango linakula 15. Chakula, ada, nauli, kuwatazama wazazi na mengineyo ni 50. Tunabakiwa na 35, ndiyo akiba yetu.

Kule nitapokea 240 mkononi mimi peke yangu, kodi ya mapato ikiwa imeshakatwa. Ni mara nne ya ninachopata leo. Nyumba ya vyumba viwili, tena mbali na katikati ya mji, ni 105. Yaani mshahara mara nne, pango mara saba. Matumizi mengine nimeyakadiria kuwa 70. Inabaki 65, karibu mara mbili ya tunachoweka sasa, na hapo mume wangu hajapata kazi bado.

Yote hayo yako kwenye jedwali kwenye kompyuta yangu. Miaka mitano ya kwanza tunajenga nyumba huku nyumbani. Miaka mitano inayofuata tunachukua mkopo na kununua nyumba kule, ili watoto wapate pa kuanzia. Jedwali linakubali. Mimi ndiye ninayekataa, na sijui nakataa nini.

Nikwambie kinachonisukuma hasa. Mwenye nyumba wetu alifariki mwaka jana, nyumba zake nne zikaenda kwa mwanawe. Kijana huyo nilisoma naye. Nilikuwa nikimfundisha hesabu usiku wa kuamkia mtihani. Simchukii, ni mtu mwema, hata bomba likipasuka anakuja mwenyewe. Lakini hivi karibuni alituandikia ujumbe kwamba pango linapanda, akamalizia na kile kikatuni cha mikono miwili ya kuomba samahani. Nilikaa na simu mkononi hadi ikazimika mwanga. Nimesoma kumzidi, nimefanya kazi tangu nina miaka 23, na kila mwezi sehemu ya jasho langu inaingia kwa mtu ambaye alichofanya ni kuzaliwa na baba mwenye nyumba nne. Kiwanja tulichokitamani tulipooana, bei yake imeshatuacha. Tunaikimbilia, nayo inakimbia.

Nikasema basi, niende mahali ambapo kazi ya mtu inamfikisha mahali. Halafu rafiki yangu aliyehama miaka sita iliyopita akaniambia kwenye simu, "Huku nako namlipa pango mtoto wa mtu." Akacheka. Mimi sikucheka.

Mume wangu nikimuuliza anasema, "Ukiona inafaa, twende." Kila mara maneno hayo hayo. Mama anasema nenda, dada yako ataniangalia. Dada yangu hajaulizwa.

Nina siku 40 za kujibu. Shangazi, kuhama kunalipa? Au nitakuwa nimekwenda kubadilisha mwenye nyumba tu?

Mhasibu Asiyeziamini Hesabu Zake

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuituma bila kuisoma upya. Ungeisoma ungefuta ile sentensi ya dada yako, nayo ni mojawapo ya zile nilizozirudia.

Nikikuelewa vizuri, umeniuliza maswali mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni la fedha: baada ya pango na maisha, kitakachobaki kule kitazidi kinachobaki hapa? La pili ni la haki: iko nchi ambako mtu wa kufanya kazi hamtumikii mtu wa kurithi? Umeyafunga pamoja kwa sababu yote mawili yanaishia mlangoni kwa mwenye nyumba. Naomba niyafungue. Nahisi jedwali lako linajibu la kwanza, na moyo wako uliuliza la pili.

Tuanze na jedwali. Hiyo 240 siitilii shaka, iko kwenye barua. Hiyo 105 inaonekana umeichunguza. Mashaka yangu yako kwenye 70. Bidhaa zinazosafiri kwa meli, kama simu na nguo, bei zake hazipishani sana baina ya nchi na nchi. Lakini kazi ya mkono wa mtu haipandi meli. Kunyoa, kuziba bomba, kulea mtoto, vyote hulipwa kwa kiwango cha mishahara ya pale pale. Wanauchumi wana jina refu la jambo hili, wewe huna haja nalo. Unachohitaji ni kujiuliza imekuwaje pango lipande mara saba na maisha mengine yote yapande kwa asilimia 40 tu. Huyo mtoto wa miaka 2 yuko wapi ndani ya 70? Leo mkiwa kazini nani anakaa naye? Kama ni ndugu, kwenye vitabu vyako anasomeka sifuri. Kule sifuri hiyo italetewa bili.

Jaribu kuandika 110 badala ya 70, yaani 50 yenu ya leo mara mbili na kidogo. Inabaki 25. Hapa mnaweka 35! Kwa mshahara mara nne mtakuwa mnaweka pungufu ya leo. Sasa mpe mume wako kazi, hata iliyo chini ya ualimu, ya 120 mkononi, kisha ongeza 40 kwenye malezi ya mtoto kwa kuwa wote wawili mko kazini. Inabaki 105, mara tatu ya leo. Namba zangu ni za kukisia, wewe utaweka za kweli. Lakini tazama kilichohama kati ya 25 na 105. Mshahara wako haukubadilika wala pango halikubadilika. Kilichobadilika ni mtu mmoja, na mtu huyo kwenye jedwali lako hana safu. Hata ile 40 anayoingiza leo imefutika kimya kimya, hukuiandika popote kama hasara.

Kwa hiyo kabla ya kumuuliza mume wako kama anataka kwenda, itabidi mjue anakwenda kama nani. Kibali cha mwenza kinamruhusu kufanya kazi? Ualimu katika nchi nyingi ni taaluma inayolindwa kwa sheria: vyeti hukaguliwa, lugha hupimwa, wakati mwingine mtu hurudishwa darasani mwaka au miaka. Na masharti ya familia hayakai mahali pamoja. Uingereza, kwa mfano, tangu tarehe 11 Machi 2024 iliwazuia wahudumu wapya wa kulea wazee na wagonjwa kuja na wenza na watoto wao. Wewe si wa kundi hilo, ila watu walikuwa wameshaanza mipango yao wakati mlango ule unafungwa.

Kuna na gharama za kuingia, ambazo wengi hunisimulia wakiwa wameshafika. Nchi hukuitaja, nami nitabaki kwenye mifano. Uingereza mhamiaji hulipa ada ya afya pamoja na ada ya viza. Tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, tena hulipwa mapema kwa miaka yote ya viza. Familia kama yenu kwa miaka mitatu ni pauni 10,866 kabla hamjanunua tiketi. Ujerumani mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana inayofikia pango la miezi mitatu. Muulize mwajiri, kwa maandishi, nani analipa nini. Waajiri wengine hulipa kila kitu na hawasemi mpaka waulizwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mkaguzi wa hesabu angelizungushia wino mwekundu. Wapo wahamiaji wa aina mbili. Yupo anayekwenda kuchuma arudi. Huyu anaishi chumba kimoja, anavumilia, anatuma. Kwake thamani ya sarafu ni rafiki: kidogo cha kule kinajenga ukuta mzima huku, hata baada ya kukatwa gharama za kutuma. Gharama hizo si ndogo, kwani Benki ya Dunia imekuwa ikikuta kwamba kutuma dola 200 hugharimu wastani wa karibu asilimia 6, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Na yupo anayekwenda kuishi. Kwake thamani ya sarafu haina maana, kwa sababu anachuma kule na kula kule. Yeye anajipima na majirani zake wapya: mshahara wao, pango lao, shule za watoto wao.

Jedwali lako linavuna faida za wote wawili bila kulipa gharama za yeyote. Miaka mitano kila kinachobaki kinakuja huku kujenga, halafu mwaka wa sita unaingia benki kule kuomba mkopo. Utaingia na kianzio gani? Na katika miaka hiyo mitano bei za kule zitakuwa zimekusubiri? Ile ya kiwanja unaijua. Mtoto wako wa kwanza baada ya miaka kumi atakuwa na miaka 17, na marafiki zake wote watakuwa wa kule. Nyumba mliyojenga huku itakuwa ya nani wakati huo? Sikuulizi ili nikutishe. Wapo waliojenga huku na wakaja kufurahi sana kwamba walijenga. Ninachoona ni kwamba hujachagua wewe ni mhamiaji yupi, na mpaka uchague, hesabu zitakubali chochote utakachoziambia.

Kununua kule nako kuna masharti yasiyoonekana kwenye matangazo ya nyumba. Kanada ilizuia wageni kununua nyumba za kuishi kuanzia Januari 2023, ikaongeza muda wa zuio hadi mwanzoni mwa 2027. Wenye ukaazi wa kudumu hawaguswi, na baadhi ya wenye vibali vya kazi huruhusiwa kwa masharti. Australia iliwazuia wageni, pamoja na wakaazi wa muda, kununua nyumba zilizokwisha kujengwa, kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2027. New Zealand ilianza mapema, mwaka 2018. Hata zile nchi zinazosifiwa kwa nyumba za bei nafuu, sifa hiyo si lazima ikufikie wewe. Singapore zaidi ya robo tatu ya wakaazi wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na serikali, na mgeni asiye na ukaazi wa kudumu haruhusiwi kununua hata moja. Vienna ina nyumba nyingi za manispaa na za ruzuku, lakini kuomba ya manispaa lazima kwanza uwe umeishi mjini humo miaka 2. Ule wakati ambao fedha inakubana kuliko wakati wowote, yaani mwanzo, ndio wakati uko nje ya msaada.

Naomba pia tulitazame neno moja ulilolipita haraka. Pango kwako ni jasho linalopotea. Kule uendako huenda ni hali ya kawaida: Ujerumani zaidi ya nusu ya watu wamepanga, na wengine huzeeka kwenye nyumba za kupanga bila kujiona wameshindwa, kwa kuwa sheria zinamlinda mpangaji. Kununua nako kuna jasho lake. Mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6 unakufanya ulipe zaidi ya mara mbili ya ulichokopa. Hapo unamlipa nani? Mtoto wa mtu, ila amevaa suti ya benki.

Haya, twende kwenye swali la haki. Hapa nitaanza na upande unaokusukuma kuondoka, maana una nguvu na sitaki nionekane nimeuficha. Mwanauchumi Branko Milanovic amepima tofauti za mapato duniani na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya tofauti hizo hutokana na nchi mtu anayoishi. Bidii na akili hugawana kilichosalia na mambo mengine mengi. Kwa mtu wa mshahara, kuvuka mpaka kunaweza kupandisha kipato kuliko cheti chochote utakachosomea usiku. Anayekwambia usiende kwa sababu "maisha ni popote" hajaitazama namba hii.

Lakini hiyo ni habari ya mapato. Kilichokuumiza wewe kwenye ile simu ni habari ya mali, na hivi ni vitu viwili. Uswidi inajulikana kwa mishahara isiyopishana sana, na papo hapo mali zake zimelundikana mikononi mwa wachache kuliko nchi nyingi za Ulaya. Mwanauchumi mwingine, Thomas Piketty, amejulikana kwa hoja kwamba mali ikizaa haraka kuliko uchumi unavyokua, waliotangulia kuwa nayo huzidi kuwaacha wengine. Hilo halina pasipoti. Ukihama unasogea mbele kwenye foleni ya mishahara, na kwenye foleni ya mali unasimama nyuma kabisa, nyuma ya watu ambao babu zao walinunua wakati nyumba ni rahisi. Nadhani ndicho rafiki yako alichokuwa akicheka. Ila angalia jambo moja: miaka sita sasa, na hajarudi. Mpigie tena umuulize kwa nini, na umwache aongee mpaka amalize.

Na yule kijana wa nyumba nne. Nimesoma mstari wako kwamba mnataka kununua "ili watoto wapate pa kuanzia". Mwanangu, wewe unataka wanao wawe yeye. Sisemi kukuchoma, hata mimi nimewatakia wangu hivyo hivyo. Nasema kwa sababu huenda unachokitafuta si nchi yenye haki. Huenda unatafuta upande wa pili wa ule ujumbe wa simu. Kama ndivyo, hakuna aibu, lakini hesabu yake ni nyingine: inauliza wapi unaweza kumiliki kitu mapema, na pengine kitu hicho si nyumba kabisa.

Njia zilizo mbele yako sizioni mbili tu. Mnaweza kwenda wote mkiwa mmejiwekea mwaka wa kukaa chini na kuamua upya. Unaweza kutangulia peke yako miezi sita, ila hapo mnalipa nyumba mbili, na mtoto wa miaka 2 hahesabu miezi kama sisi. Unaweza kumwomba mwajiri aahirishe tarehe mpaka vyeti vya mume wako vikaguliwe. Hii ndiyo ombi ambalo watu huogopa kulitoa, na mara nyingi gharama yake ni barua pepe moja. Unaweza kubaki na ile 35 na kuitafutia kazi nyingine badala ya kuikimbiza nyuma ya kiwanja kimoja. Ukibaki, hatari yake ni kwamba kila pango likipanda utalikumbuka jedwali hili.

Ukienda kwa miaka michache, angalia pensheni. Uingereza kwa kawaida hupati pensheni ya taifa bila miaka 10 ya michango, Ujerumani ni miaka 5, Marekani ni kama miaka 10 ya kazi. Miaka minne katika nchi isiyofaa inaweza kukuacha bila mafao ya kule na ikiwa imetoboa yale ya huku.

Dada yako. Kumwangalia mama ni kazi, nawe umepanga kuhama kwa mgongo wa kazi hiyo. Labda atakubali kwa furaha, labda anangoja tu aulizwe. Nenda ukakae naye kabla hujakaa na mwajiri.

Kwamba jedwali linakubali na wewe unakataa, mimi siioni kama woga. Umefunga hesabu nyingi maishani mwako, na nadhani unajua inavyokuwa vitabu vinaposawazika huku risiti moja haipo. Usiku mmoja watoto wakilala, lifungue hilo jedwali mbele ya mume wako, ongeza safu yenye jina lake, iache tupu, kisha msogezee kompyuta. Akijaza, niandikie tena.